Blanketi la Kwenda Tanga

Kama umeoa mweka hazina wa VICOBA, ndugu yangu, sina haja ya kukueleza safari zinavyopangwa nyumbani kwangu. Kikoba chao cha akiba huvunjwa wiki ya pili ya Desemba. Ikifika ya tatu, mama watoto ameshaigeuza kalenda ya mwaka unaokwisha, ameitandaza mezani upande usio na tarehe, ana kalamu nyekundu mkononi, na mimi naitwa nije nichangie mawazo. Nilikuwa nayo mawili. La kwanza, twende Juni. La pili, twende mji mmoja tu. Yote mawili yalikufa kabla chai haijapoa.

Juni nilikuwa na sababu nayo. Huko pwani Desemba hadi Machi ndio msimu wa kaskazi, upepo wa joto, na jasho likikutoka halikauki kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Juni kusi limeshika, usiku unalala vizuri. Sisi tunakaa Marangu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo Julai tunagombania kuota moto jikoni. Kwa watoto wangu, joto ni Moshi mjini saa nane mchana. Watu wa namna hii huwezi kuwamwaga pwani mwishoni mwa Desemba bila huruma.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "Juni hela ya kikoba itakuwa imeshakuwa bati na ada. Joto halijaua mtu pwani, wanaishi huko tangu zamani."

Hoja ikaisha hapo. Akaanza kuchora. Mstari ukatoka Marangu ukashuka Himo, ukapita Same, Korogwe, ukaenda Tanga. Kutoka Tanga ukaenda Dar es Salaam. Ukavuka bahari hadi Unguja, ukarudi Dar, ukapanda treni ya umeme hadi Morogoro na Dodoma. Toka Dodoma ukapita Kondoa na Babati, ukatokea Arusha, ukarudi nyumbani. Miji sita, siku tisa, watu watano. Nilipoutazama ule mduara mwekundu nilihisi kiu.

Treni ndiyo iliyowateka watoto. Tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, mwanangu wa kiume hana habari nyingine. Tunamwita Mishkaki, kwa sababu ukimtaja mji wowote nchini atakuuliza stendi yake wanauza nini. Alitaka kujua kama ndani ya treni ya umeme wanachoma nyama. Dada yake, Neema wa kidato cha pili, akamjibu kwamba kutoka Dar hadi Dodoma ni saa zisizofika nne, atavumilia. Huyu Neema ndiye Latra, mdhibiti wa usafiri, wa nyumba yetu. Hakuna safari inayoondoka uani kwangu, hata ya kwenda gulioni, bila yeye kukagua: nani kaenda chooni, nauli ni kiasi gani, chenji iko wapi. Aliandika orodha ya vitambulisho, maana bila kitambulisho hukati tiketi ya treni, na ndipo ilipogundulika kwamba cha Bibi hakijulikani kilipo. Tulikitafuta siku mbili. Kilikuwa ndani ya Biblia, katikati ya Zaburi, mahali ambapo mwenyewe alisema tangu mwanzo kwamba kipo, lakini hakuna aliyemwuliza ni Biblia ipi kati ya tatu.

Bibi ni mama yangu mzazi. Ana miaka themanini na kidogo, na tangu nizaliwe sijapata kumwona akivuka Same. Alipotangaza kwamba na yeye anakwenda, tulifurahi sote, halafu tukaanza kuogopa. Presha, miguu, jua. Mke wangu akaongeza siku moja ya mapumziko kwenye kalenda. Latra akaongeza chupa za maji.

Sasa kumbuka hii ni Desemba, na Desemba huku kwetu mlima hujaa. Kila Mchagga aliye Dar, Mwanza, hata ng'ambo, anapanda kuja kula Krismasi nyumbani, na barabara yote inakuja kwetu. Sisi tulikuwa tunajiandaa kushuka. Majirani walikuwa wakipita kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, wanatuuliza kama kuna msiba Dar. Na nyumbani kwangu alishafika shemeji yangu, tunayemwita Mangi wa Mbagala, na familia yake, watu sita kwa mpigo. Unajua Dar kila Mchagga mwenye duka huitwa Mangi, cheo cha watawala wetu wa zamani. Shemeji amekichukua cheo hicho kwa moyo wote. Ana duka la jumla, ana gari, na barabara ya Dar anaijua shimo kwa shimo. Aliitazama kalenda mara moja tu.

"Tanga itoeni," akasema. "Pale Segera njia zinaachana. Mnaacha ya Dar mnakwenda Tanga kufanya nini? Siku mbili, gesti, chakula, halafu mnarudi kulekule Segera. Nyoosheni Dar, mfikie kwangu, bure."

Neno "bure" lina nguvu. Nikamuunga mkono, na kwa mara ya kwanza wiki ile mke wangu akakubaliana nami. Akainua kalamu. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage, hata kichwa hakuinua.

"Mkiikata Tanga," akasema, "na mimi nikateni."

Kalamu ikashuka taratibu. Mangi wa Mbagala akajikuta ana simu ya kupokea nje.

Tanga ikabaki. Kilichofuata ni vita vya blanketi. Mama alikuwa ametoa kabatini blanketi la kahawia, zito, ambalo mtu mzima akilibeba begani anapinda. Akaliweka kwenye begi la safari. Tulidhani ni uzee. Usiku mke wangu akalitoa polepole, akalirudisha kabatini. Asubuhi liko kwenye begi. Usiku nikalitoa mimi. Asubuhi liko kwenye begi, na safari hii limefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo ambalo hakuna wa kizazi changu anayejua kulifungua.

Tukamtuma Latra, mwenye jiografia yake kichwani. Akamkalisha bibi yake kibarazani, akamweleza vizuri sana, nilisikia fahari. Kwamba ukishuka mita 1,000, joto hupanda kama nyuzi sita hivi. Kwamba kutoka hapa hadi usawa wa bahari ni nyuzi tisa za kuongeza juu ya joto letu, na usiku bahari haiachi hewa ipoe kama mlima unavyoiacha. Kwamba hata Dodoma, iliyo mita zaidi ya 1,100, jua lake ni kali lakini hewa ni kavu, jasho linakauka na usiku unapata ahueni, kwa hiyo katika safari nzima hakuna mahali blanketi litahitajika, na Tanga ndiyo ya mwisho kabisa kulihitaji.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Umesoma vizuri, mjukuu wangu," akasema. Akalikaza fundo.

Siri ilitoka jikoni, kama siri zote za nyumba yangu. Mke wangu na mama walikuwa wanamenya ndizi mshare za machalari, na mikono ikiwa na utomvu watu husema kweli. Baba yangu, marehemu, alikwenda Tanga mwaka 1966. Alipanda treni Moshi, kwenye reli ile Wajerumani waliyoijenga kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, akaenda kuwa karani katika shamba la mkonge. Enzi hizo mkonge ndio uliokuwa dhahabu. Nchi yetu iliongoza dunia. Mama alibaki na ng'ombe, kahawa na mtoto mchanga. Kabla hajaondoka, mama aliuza kuku na mayai miezi mingi akamnunulia blanketi jipya, la kahawia, zito. Alipata maelezo kwamba kambi za mkonge hazina vitanda vya maana, akaogopa mumewe atalala baridi.

Mwaka 1968 baba akarudi. Ana redio, ana baiskeli, hana blanketi. Mama akamwuliza liko wapi. Baba akajibu, "Kule joto, mama." Basi. Hakuongeza neno. Mpaka anakufa hakuongeza.

"Kwa hiyo Mama," mke wangu akamwuliza, "unafikiri alimpa nani?"

"Sijui alimpa nani. Mimi nataka nilale Tanga usiku mmoja, mwezi wa joto, na blanketi, nione kama ni kweli halilaliki."

Mke wangu alinihadithia usiku ule tukiwa tumelala wanne chumba kimoja, maana Mangi wa Mbagala na wake walikuwa wamechukua vyumba viwili. Nilikaa macho muda mrefu. Miaka hamsini na sita mtu amebeba swali moja, akipika, akilima, akimzika mwenye jibu, na sisi tulikuwa tunamfundisha habari za nyuzi joto. Asubuhi nililibeba begi lile mwenyewe hadi barabarani. Hakuna aliyelitaja tena.

Tuliondoka tarehe 28, kabla wimbi la kurudi Dar halijaanza. Mbali na blanketi kulikuwa na mkungu mzima wa mshare, kiroba cha parachichi na majani ya sale ambayo mama alisema hatuendi ugenini bila kuwa nayo, kwani kwetu sale ni amani. Pale Njia Panda ya Himo kondakta alitutazama kama watu wanaohama. Mama alikuwa amevaa sweta mbili.

Tulipofika Mwanga akavua moja. Same, ambako upepo unaingia dirishani kama pumzi ya tanuri, akafungua vifungo vya ya pili lakini hakuivua. Mke wangu akawa anampepea kwa kalenda yenyewe, ule mduara mwekundu ukipanda na kushuka mbele ya uso wa mama. Mombo, Mishkaki alishuka akarudi na mahindi, mayai, na mguu wa kuku ambao hatukujua alilipaje. Latra akafungua daftari. Baada ya hapo ikaanza mikonge, safu kwa safu, imepangwa kama wanafunzi mstarini. Nikawaeleza watoto kwamba mmea huu si wa kwetu, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na kutoka miche michache iliyosalimika njiani ndipo yakapatikana mashamba yote haya. Mama hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anahesabu safu kwa kidole kwenye kioo.

Tulipata gesti Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Chumba cha mama kilikuwa na pangaboi. Jioni tulimpeleka Raskazone akaiona bahari, akaitazama kama mtu anayetazama shamba la jirani, akauliza nani anailima. Kisha akataka kurudi kulala. Alikuwa na kazi.

Saa tano usiku umeme ukakatika. Pangaboi likazunguka mara tatu za mwisho likasimama, na joto likakaa juu yetu. Mishkaki alihamia sakafuni. Latra alilowesha kanga akajifunika. Mimi na mke wangu tulilala kila mtu kwenye ukingo wake wa kitanda kama watu waliogombana. Nilikwenda mlangoni kwa mama nikamwita. "Niache," akajibu, na sauti ilitoka chini ya kitu kizito.

Kama saa nane hivi nikasikia komeo. Nilipotoka nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka wa mlinzi, miguu wazi, sweta zote mbili hazipo. Mlinzi, mzee mwembamba wa rika lake, alikuwa kwenye kigoda karibu, wanazungumza habari za mikonge kwa sauti ndogo. Kumbe na yeye aliwahi kuwa mkataji. Nilikaa pembeni.

"Baba yako alisema kweli kuhusu joto," mama akaniambia. Akajifuta shingo kwa kanga. Baada ya kitambo akaongeza, "Lakini mtu wa kumpa hakukosa."

Yule mzee alicheka kwa kukohoa. Alisema alfajiri, umande ukishuka, hata Tanga kuna baridi kwa mtu anayekesha nje.

Asubuhi tukapakia basi la Dar. Ndizi zilikuwa zimeanza kupata manjano, parachichi zimelainika, Latra anahesabu mizigo na hesabu haitimii. Alihesabu mara tatu. Basi lilipoanza kutembea nikamgeukia mama, aliyeketi dirishani na sweta moja mapajani.

"Mama, blanketi liko wapi?"

Hakugeuka. Alikuwa anautazama mji unavyorudi nyuma.

"Huku joto, mwanangu."