Dagaa wa Shangazi Waingia Kigali

Kwa watu wengi ninaowajua hapa Mwanza, ng'ambo ni Dubai. Kigali haihesabiki, kwenda Kigali ni kama kuvuka ua kwa jirani kuomba chumvi. Ndiyo maana mume wangu alipotangaza kwamba wikendi ya kuadhimisha ndoa yetu tutaila Rwanda, hakuna aliyeshtuka wala aliyetuonya. Laiti ingekuwa Dubai, tungeulizia kila kitu.

Mume wangu ni mtu wa ratiba. Hii aliichapa kwa kompyuta na kuivalisha jaketi la plastiki isilowe. Ijumaa saa nne usiku, kuondoka stendi ya Nyegezi. Jumamosi saa moja asubuhi, chai Kigali. Saa tatu, matembezi ya wawili. Hayo ya "wawili" yalikufa kabla hatujafunga mabegi, kwani Shangazi yake alisikia habari kwa njia anazozijua mwenyewe, akatokea Ijumaa asubuhi na begi lake.

"Nami Kigali sijaiona," akasema, na mjadala ukafungwa.

Alikuja na kitambulisho cha NIDA tu, akiamini Afrika Mashariki ni moja. Ni moja, lakini waliokubaliana kupitishana mpakani kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014 ni Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania bado anadaiwa pasipoti au hati ya dharura. Basi alasiri ambayo ratiba iliiita "mapumziko kabla ya safari" tuliimalizia Uhamiaji, Shangazi akipigwa picha na kuzikataa moja baada ya nyingine kwa kuwa zinamzeesha.

Safari ilianza vizuri, na hilo peke yake lingetutia shaka. Zamani ukitoka Mwanza kwenda Geita ulipanga foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka usahau unakokwenda. Sasa kuna daraja la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, na basi lilipita juu ya ziwa kabla Shangazi hajamaliza kusali. Muda wote tuliouokoa hapo tuliulipa na riba mbele ya Katoro, tairi lilipopasuka. Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki ndiyo haikuwepo. Utingo alisema waliiazima wenzao, kwa sauti ya mtu anayetegemea kupongezwa kwa ukarimu wa kampuni.

Rusumo tukafika kumekucha. Ni mahali pazuri: mto Kagera unaporomoka chini, daraja liko juu, na majengo ya mpaka waliyoyazindua Marais Magufuli na Kagame mwaka 2016 yamepangwa ili ugongewe mihuri ya nchi zote mbili upande mmoja. Mihuri haikutuchelewesha. Kilichotuchelewesha ni begi la Shangazi.

Afisa alilifungua kwa adabu, akatoa mfuko wa nailoni uliofura dagaa wa soko letu la Mwaloni, Mwanza. Chini yake ulikuwepo mwingine. Na mwingine.

"Mama, mifuko ya plastiki Rwanda hairuhusiwi."

"Mwanangu, hao ni dagaa."

"Dagaa si tatizo, mama. Tatizo ni mfuko."

"Sasa dagaa waingie Kigali kwa miguu?"

Rwanda imepiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na kwao marufuku ni marufuku. Sisi rambo tuliipiga marufuku Juni 2019, lakini vile vifuko vyepesi vya kufungia bidhaa vikabaki, na sokoni vikapandishwa cheo vikawa ndiyo mifuko yenyewe. Nilipogeuka nikamwona mume wangu akiisogeza ratiba yake polepole chini ya koti, jaketi la plastiki na yote. Mwisho Shangazi alitandaza kitenge chake cha pili juu ya meza ya ukaguzi ya nchi nyingine, akamimina dagaa, akafunga mafundo manne. Ukumbi mzima ukanuka Mwaloni. Abiria waliokuwa nyuma yetu walisogea wenyewe bila kuombwa.

Tulipoanza mwendo upande wa pili Shangazi akapiga yowe: "Dereva amelala! Anapita kulia!" Rwanda wote hupita kulia, lakini usiombe uelezwe hivyo ukiwa ndani ya basi la Tanzania ambalo mlango wake uko kushoto. Kila likisimama, abiria anashukia katikati ya barabara, uso kwa uso na lori.

Na saa? Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Mume wangu alifurahi mno. "Tumerudishiwa saa moja bure," akasema, akaigawa palepale: nusu ya kuoga, nusu ya chai. Kitu kimoja tu hakikuwemo kwenye ratiba. Ile ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi hiyo, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano, Rwanda hufanya umuganda. Watu hutoka kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kutengeneza njia, kisha hufanya mkutano. Umewekewa sheria tangu 2007. Maduka yanafungwa, na magari yasiyo na ruhusa yanatulia. Polisi alitusimamisha kwenye kituo kidogo mbele ya Kibungo, akamwamkia dereva vizuri, akamwonyesha pa kuegesha. Dereva akazima injini na kuvua viatu, ishara ya mtu anayeijua kalenda ya wenyeji na hakuona haja ya kuitangaza alipokuwa akitukatia tiketi.

Hata sisi tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tusijidharau. Tofauti ni kwamba kwetu mwenye duka hufunga mlango nusu na kuuza kupitia nusu iliyobaki. Kule nilizunguka kituo kizima nikitafuta hata andazi, nikakuta milango imefungwa mizima. Nilirudi nikamkuta mume wangu peke yake kwenye basi, akisahihisha ratiba kwa kalamu nyekundu. Shangazi yuko wapi? Shangazi ni Msukuma; jembe halimpiti mbele. Alikuwa mtaroni na akina mama wasiomjua, kajifunga kanga, akiwaonyesha namna ya kulishika. Kwenye mkutano alikaa mbele. Hakuelewa neno, lakini alipiga makofi kila panapostahili.

Kigali tukaingia mchana, tumenuka dagaa mpaka kwenye nywele. Chumba chetu kilikuwa Kimihurura. Pale stendi ya Nyabugogo tulitafuta pikipiki, Shangazi akitaka tupande naye mishikaki kama kwetu. Haiwezekani: moto ya Kigali, yaani pikipiki ya abiria, hubeba mtu mmoja, tena mwenye helmeti. Tukapanda tatu, kila mtu na yake. Simu yenye laini ya Rwanda anayo mume wangu, anwani anayo mume wangu, faranga zote anazo mume wangu.

Naomba msomaji azingatie kwamba jiji hili lina Kimihurura, lina Kimironko, na lina Kimisagara. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini dereva aliyembeba Shangazi alikuwa bado hajapewa taarifa. Mimi nilishushwa mbele ya soko la Kimironko. Mume wangu alifika Kimihurura na ratiba yake. Kwa Shangazi, kimya.

Tulimpata jua linazama. Alikuwa Kimisagara, karibu kabisa na tulikoanzia, ameketi dukani kwa mama mmoja, mbele yake chai ya maziwa na chapati. Mwenye duka alikuwa amelipia moto, na kitenge kilikuwa kitupu. Dagaa wa Mwaloni wanajulikana Rwanda, Burundi na Congo kuliko sisi tunavyojijua, na Shangazi alikuwa amewauza wote, kisado kwa kisado, kwa lugha ya vidole. Kati yetu watatu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na faida.

Jumapili asubuhi tulikwenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Hiyo sitaitia katika mambo ya kucheka. Ni mahali pa kwenda, na upange muda wa kutosha.

Tiketi ya kurudi iliandikwa saa nane mchana. Tulifika Nyabugogo saa saba na nusu, mume wangu akitembea kwa maringo ya mtu aliyewahi. Basi lilikuwa limeondoka nusu saa iliyopita. Kampuni ni ya Tanzania, na saa nane yake ni ya Tanzania. Simu zetu zilikuwa zimejirekebisha zenyewe tangu Rusumo bila kutuuliza. Tukakodi teksi mpaka mpakani, na dereva hakuzidisha mwendo hata pale barabara ilipokuwa tupu, kwa kuogopa kamera ambazo wenyeji wameziita Sofiya kana kwamba ni mke wa mtu. Aliyelipa ni Shangazi, kwa faranga za dagaa.

Basi letu tulilikuta Rusumo. Lilikuwa limezuiliwa kwa ukaguzi: abiria fulani alikuwa na mzigo wa mifuko ya nailoni.

Ukitaka kwenda, nenda. Kigali ni safi kweli na watu wake wana subira. Ila tazama kalenda kwanza, tiketi uiulize ni saa ya nchi gani, na mwenye anwani asipande pikipiki ya peke yake. Dagaa wabebe kwenye kikapu. Shangazi anasema bei ya Kimisagara ni nzuri, na safari ijayo atakwenda bila sisi.