Mwongozo wa Kupinga Barabara ya Mabasi, Ruiru hadi Thika

Kwanza, tafuta mashamba ya kutetea. Toka Ruiru mapema, kabla ukuta mwingine haujajengwa, uangalie kahawa iliyobaki. Ruiru ndipo ilipozalishwa aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Piga picha. Bango la "ploti 50 kwa 100, hati tayari" lisiingie kwenye picha. Litaingia.

Pili, mjue adui. NAMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na viunga vyake iliyoundwa mwaka 2017, imechora njia za mabasi ya mwendo kasi na kuzipa majina ya wanyama. Yako ni Simba, inayotoka Rongai, ipite Ruiru na Thika, ifike Kenol. Alama zake zilionekana mwaka 2018, mistari myekundu ilipopakwa Thika Road. Mistari ilifika, basi likabaki njiani. Usishangilie. Huwezi kulala barabarani mbele ya basi ambalo halijaja.

Sasa nenda kwenye kikao cha kushirikisha umma. Katiba ya 2010 inakutaja, kifungu cha 10, kwa hiyo viti vimekodiwa. Fika saa tatu. Kikao kitaanza saa tano, kwa maombi. Utapewa daftari uandike jina na nambari ya kitambulisho. Andika vizuri, maana ukurasa huo ndio utakaoambatishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba ulishirikishwa. Ukikataa kuandika, hukuwepo; na asiyekuwepo hana pingamizi. Soda ni moja kwa kila mtu.

Zamu yako ikifika, simama useme: "Mimi sipingi maendeleo." Kila mtu huanza hivyo, hata aliyekuja kupinga maendeleo. Mwenye kikao ataitikia kwa kichwa na kuandika kwamba hupingi maendeleo. Hayo mengine utakayosema juu ya mito, vyura na kivuli yatapokelewa kwa makofi, kisha kijana wa nyuma atauliza kama kutakuwa na kazi za mkono. Kikao kitaamka. Usijaribu kuzungumza tena.

Washirika wako wachague kwa makini. Jirani anayepiga kelele kukushinda, mwangalie jioni. Ukimkuta anapanda miche ya parachichi kwenye mstari wa bikoni, miche mia kwa nafasi ya kumi, huyo si mwanamazingira. Anasubiri mthamini wa fidia. Atakuomba umsaidie kumwagilia, nawe utamwagilia.

Mti mmoja ungekufaa kuliko ekari mia za kahawa. Novemba 2020, mugumo wa Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya rais, ukaushinda mchoro wa barabara ya juu kwa juu. Thika pia ilikuwa na wake, ule wa unabii wa Mugo wa Kibiru, kwamba ukianguka Mwingereza ataondoka. Inasimuliwa kuwa serikali ya mkoloni iliufunga kwa chuma usidondoke. Ulianguka 1963. Chuma hakikuuzuia, kwa hiyo usitegemee chuma.

Ukifika mahakamani, hesabu siku: una 60 za kukata rufaa dhidi ya leseni ya mazingira. Usiogope kushinda. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba ununuzi wa reli ya SGR haukufuata sheria. Abiria walikuwa wakiipanda tangu 2017. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikabadilisha uamuzi huo, na treni haikuchelewa hata dakika moja kwa sababu ya yoyote kati ya hizo hukumu mbili.

Jioni moja broka atakupigia kuhusu ile ploti yako ya Juja, ambayo hukuitaja kikaoni. Mwambie huuzi. Subiri lami ifike kwanza.