Sifa za Kijembe

Malindi kila kitu kimepanda bei isipokuwa kijembe. Anayetaka kubishana dini kwa hoja lazima awe na msahafu, Biblia na usiku kadhaa wa kusoma. Mwenye kijembe anahitaji kahawa chungu tu barazani. "Pasta, kabla hujatufundisha Utatu, tueleze kwanza ile pikipiki umeipata wapi." Watu hoi kwa kicheko, na Utatu umekwisha, vitabu vimefungwa.

Linganisha na mateso ya mihadhara iliyoenea Pwani tangu miaka ya 1980, kwa mtindo wa wahubiri wa Kiislamu kina Ngariba na Kawemba wa Tanzania. Msemaji anasema "soma!", msomaji anahangaika na kurasa hadi aipate aya, umati unasubiri juani. Kisha upande wa pili nao wana aya yao! Nani ana muda huo, na mtu angeweza kuuliza tu kama ustadh huyo amelipa mahari?

Tena kijembe hakibagui dini wala elimu. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliona theluji juu ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kufika sehemu hizi, aliikejeli habari hiyo kama ndoto ya mtu wa dini. Kejeli hiyo ilimwokolea Cooley safari ndefu ya meli. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlima hadi theluji ikamwangukia, jambo la baridi na lisilo la lazima.

Serikali ya kikoloni nayo ilikionja. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao kufanya kazi za Wazungu. Swali lake lilikuwa gumu: kwa haki gani? Kumwita mchawi kulikuwa rahisi zaidi. Alipelekwa uhamishoni Kisii, na mwaka uliofuata kaya yao takatifu, Kaya Fungo, ikalipuliwa kwa baruti, jibu ambalo hakika halikuhitaji aya.

Neno hilo hilo lingali kazini. Kilifi ya leo, mzee mwenye mvi na shamba anaweza kuitwa mchawi na wanawe wenyewe, na wengine wamekimbilia kituo cha wazee cha Kaya Godoma kuokoa roho zao. Hakuna anayeuliza ushahidi. Shamba, kwa bahati, hubaki na wenyewe.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya Shakahola. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye anakana mashtaka yanayomkabili, alifunga kanisa lake Malindi mwaka 2019 akahamia katika msitu huo. Wafuasi waliwaona wakosoaji kuwa watu wa shetani. Wakosoaji waliwaona wafuasi kuwa wajinga. Kila upande ulistarehe kwa jibu lake. Kuanzia Aprili 2023 ikafukuliwa humo miili zaidi ya 400 ya wafuasi, na barazani swali likawa: watu gani hawa wasio na akili?

Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kwa kukosa kipaji cha kejeli, ilijitwika kazi ya kuuliza nani aliarifiwa nini na lini. Machi 2024 ikaeleza kwamba maafisa wa usalama Malindi walizembea, wakashindwa kuchukua hatua. Baraza lingemaliza shauri hilo kabla kahawa haijapoa, na afisa yeyote asingeguswa.