Mfumo Haukubali

Kuna mgahawa mmoja Kariakoo ambao supu yake ni nzuri na masharti yake ni magumu. Asubuhi moja niliagiza chai ya maziwa. Dada akaniambia imekwisha.

"Maziwa yamekwisha?"

"Maziwa yapo, kaka. Chai ya maziwa ndiyo imekwisha."

"Chai ya rangi je?"

"Ipo, ya moto kabisa."

Kwa mtu yeyote aliyewahi kuingia jikoni, hapo hapakuwa na tatizo tena. Nikamwomba atie maziwa kidogo kwenye chai ya rangi. Akanitazama kwa huruma. Chai ya maziwa, akanieleza, ina sufuria yake, na sufuria hiyo ilikuwa imeshaoshwa. Tena chai ya rangi ni shilingi 500, kikombe cha maziwa ni 1,500, chai ya maziwa ni 1,000. Sasa akinichanganyia, jioni mwenye mgahawa akikaa kupiga hesabu, kikombe changu kitakuwa kimetoka upande gani? Swali lilikuwa zito, na mimi nilikuwa na njaa. Nikaagiza vyote viwili. Vikombe vikaja, nikavichanganya mwenyewe pale mezani, naye amesimama kando na sinia lake akiniangalia kama anayeshuhudia mtu akichapa noti bandia. Nikalipa 2,000 kwa chai ya 1,000. Supu yao, nasema tena, ni nzuri.

Sina kinyongo na dada yule. Wanaotukatalia huduma wako wa aina mbili. Wa kwanza anakuzungusha ili umpe chai, ile isiyohitaji maziwa, na dawa yake inajulikana japo ni kosa la jinai. Wa pili anakukatalia kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, na ukimsogezea elfu kumi chini ya karatasi atakuuliza ni malipo ya nini na stakabadhi iandikwe jina gani. Huyo wa kwanza tumemsikia akikemewa kwenye hotuba, kwenye mahubiri na kwenye mabango tangu tukiwa shule ya msingi. Wa pili hakemewi na mtu, maana kwenye karatasi hana kosa. Kila alichofanya ni sahihi, ila wewe umerudi nyumbani mikono mitupu.

Chukua geti la ofisi za umma. Utakuta bango lenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa: kaptula, sketi fupi, kandambili, kila kimoja kimepigwa mstari mwekundu. Wazo si baya. Shida huanza pale bango linapokabidhiwa kwa mlinzi. Nilimshuhudia mmoja akimzuia mzee wa mvi, bahasha ya nyaraka za kiwanja iko kwapani, suruali imeishia chini kidogo ya goti.

"Shikamoo mzee. Hiyo ni kaptula."

"Marahaba. Hii ni suruali, mwanangu. Imerudi kwa kufuliwa."

Mlinzi akatazama bango, akatazama mguu, akatazama tena bango. Kwenye bango hakukuwa na picha ya suruali iliyorudi kwa kufuliwa. Pembeni ya geti alikuwepo mama anayeuza maji na karanga, na chini ya meza yake rundo la kanga za kuazimisha kwa shilingi 500. Hakuulizwa, alishaanza kukunjua moja. Mzee akafungwa kanga kiunoni, kanga ya kijani, maneno yake ya kumsema mke mwenza. Akaingia nayo kwa afisa ardhi, sasa akiwa amevaa kwa heshima kama kanuni inavyotaka.

Sharti likikaa mahali muda mrefu, huota biashara ubavuni. Ukitaka kujua ofisi fulani inasumbua kiasi gani, usisome ule Mkataba wa Huduma kwa Mteja uliotundikwa ukutani kwenye fremu. Vuka barabara uhesabu mashine za kutolea kopi. Studio ya mtaani kwetu, inayopiga picha za paspoti saizi, ina koti moja jeusi lililotundikwa msumarini, kwa ajili ya wale wanaotakiwa waonekane nadhifu. Dereva wa bodaboda amelivaa. Mama ntilie amelivaa juu ya dera. Kijana wa kidato cha nne amelivaa likammeza hadi kwenye vidole. Siku mkaguzi atakapoyafungua hayo mafaili, atadhani mtaa mzima ni ukoo mmoja wa mawakili, wote wamesimama mbele ya pazia la bluu. Pazia jeupe nalo lipo, ila lilikataliwa na ofisi moja, na mwenye studio hataki kesi.

Shangazi yangu hakuhitaji koti, alihitaji vidole. Kuanzia Mei 2019 laini za simu nchini zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha uzimaji ukaanza. Shangazi ni mtu wa Pangani. Amesuka ukili tangu msichana, na palipokuwa hapana ukili palikuwa na nazi za kukuna, hivyo ncha za vidole vyake ni laini na hazina mstari hata mmoja. Kijana wa usajili, chini ya mwavuli wa kampuni, akamshika kidole gumba akakibandika kwenye kimashine. Kimya. Cha shahada. Kimya. Akamwambia akafute mkono. Shangazi akafuta kwa upindo wa kanga. Kimya.

"Bibi, vidole vyako havisomeki."

"Mjukuu wangu, mimi mwenyewe sijasoma. Vidole vitasoma wapi?"

Foleni nzima ilicheka, kijana hakucheka. Na huyo kijana si mgeni. Ni mtoto wa nyumba ya tatu, amekula ubwabwa wa shangazi tangu hajaota meno. Ukimuuliza huyu bibi ni nani, atakutajia jina lake, la marehemu mumewe na la mbuzi wake. Lakini alilolisema siku ile sijalisahau: "Mimi nakufahamu, bibi. Mfumo ndio haukufahamu." Wakajaribu kumi vyote. Kilichokubalika ni kile kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho kwa maelezo ya shangazi hakijawahi kufanya kazi yoyote ya maana maishani. Vile vilivyofanya kazi vikakataliwa, kile kivivu ndicho kikampatia laini.

Sababu mojawapo ya usajili ule ilikuwa kuwabana matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hadi leo wananitumia huo ujumbe. Bila shaka hao vidole vyao vinasomeka vizuri sana.

Hata hivyo shangazi alikuwa na bahati, maana mfumo ulisema haumfahamu tu, haukusema amekufa. Huko Uttar Pradesh, India, mkulima mmoja anayeitwa Lal Bihari alikuwa akitafuta mkopo mwaka 1975 alipogundua kwamba kwenye daftari za serikali yeye ni marehemu. Ndugu walikuwa wamemwandikisha hivyo ili wachukue shamba. Alihangaika hadi 1994 ndipo akafufuliwa kwa maandishi. Katikati hapo alifanya kila linalowezekana kuwalazimisha maofisa wamwandike mahali popote akiwa hai: aligombea ubunge dhidi ya Rajiv Gandhi, alijiandalia mazishi, alimdaia mkewe malipo ya wajane, na akaanzisha chama cha watu waliokufa kwenye karatasi kama yeye. Kumbe walikuwa wengi. Mwaka 2003 alipewa Ig Nobel ya Amani, ile tuzo ya kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mimi huwa namwaza karani aliyekuwa dirishani miaka yote hiyo. Mtu anafika, anasalimia, jasho linamtoka, anagonga meza. Karani anafunua daftari, anapitisha kidole kwenye mstari, anainua kichwa: pole sana ndugu, umefariki.

Ni rahisi kumcheka karani. Binamu yangu aliwahi kuwa keshia, na jioni moja alinieleza kazi ilivyo bila mimi kumuuliza. Ukifunga hesabu ikapungua elfu hamsini, hiyo ni shoti yako, inakatwa kwenye mshahara. Ukimwonea mteja huruma ukampitisha bila karatasi moja, na karatasi hiyo ikaja kutakiwa na wakaguzi, barua ya kujieleza inaandikwa kwa jina lako na si la mteja. Lakini ukimkatalia? "Hakuna aliyewahi kupewa barua ya onyo kwa kumrudisha mtu nyumbani," aliniambia, na akaendelea kula. Tangu hapo kila ninaposikia "mfumo haukubali", nasikia pia watoto wa huyo mhudumu wakidaiwa ada.

Huko Ulaya wafanyakazi wa reli wakitaka kumkomoa mwajiri bila kuacha kazi, wana njia yao: wanakifuata kitabu cha kanuni neno kwa neno, kila breki inakaguliwa, kila mlango unahakikiwa, kila fomu inajazwa hadi mwisho. Treni zinachelewa na hakuna wa kumfukuza, maana wote wametii. Kwao hiyo ni silaha ya kudai mishahara. Sisi tunaipata bure, hakuna hata mgogoro kazini.

Sasa nifike kwa babu yangu. Babu yangu alikuwa mtu mmoja. Nalitaja hili mapema kwa sababu benki yangu haina hakika. Kwenye kitambulisho cha taifa jina langu la tatu ni Selemani, na ndivyo alivyoitwa kijijini. Kwenye akaunti, iliyofunguliwa zamani na mtu mwenye heshima zake kwa Kiarabu, limeandikwa Suleiman. Kwa miaka mingi hao wawili waliishi kwa amani. Kisha mashine ikameza kadi yangu, nikaenda tawini kuomba nyingine.

"Kaka, hapa naona majina mawili."

"Ni mtu mmoja, dada yangu. Ni babu."

"Mfumo unaona wawili."

Nikamwonyesha sahihi yangu, namba yangu ya simu, sura yangu. Nikamtajia kiasi cha mwisho nilichoweka. Akakubali kwamba ni kweli, akakubali kwamba picha ni yangu (nimevaa lile koti), akasikitika kwa dhati, akanitajia kinachotakiwa: kiapo cha wakili kwamba Selemani na Suleiman ni mtu yuleyule. Nikaandika mahitaji kwa kalamu ya benki, ile iliyofungwa kamba. Wino ulikuwa unakatikakatika, kamba iko imara.

Kwa wakili kazi ilikwenda haraka, na nadhani hapo ndipo pa kulaumu. Binti anayechapa alikuwa na foleni yake. Nikalipa, nikaapa, muhuri ukagongwa, nikarudi benki kifua mbele. Dada wa dirishani akakisoma kiapo taratibu, midomo ikitembea. Akakisoma tena. Kisha akakigeuza nami nione: mimi, mtajwa hapo juu, naapa na kuthibitisha kwamba majina Selemani na Sulemani ni ya mtu mmoja.

"Huyu Sulemani," akauliza kwa upole kabisa, "ni nani?"

Mzee mmoja nyuma yangu, aliyekuwa amesimama muda mrefu na mwenye haki ya kuchoka, akasema, "Mwanangu, hebu toka pembeni ukahesabu ukoo wako."

Nikapelekwa kwa meneja. Meneja alikuwa mtu wa suluhisho, na ndiyo maana ni meneja. Akaniambia kiapo kipya kitachukua muda, halafu mabadiliko ya jina yanapelekwa makao makuu, sasa kwa nini nisifungue akaunti mpya, papo hapo, kwa jina la kitambulisho? Pesa za zamani tutazihamishia huko. Nikamwona mtu huyu kama ndugu. Fomu zikaja, vidole vikasomeka, amana ya kufungulia ikalipwa, akaunti ikazaliwa. Nikamwambia basi tuhamishe.

"Hakuna shida," akasema. "Mwenye akaunti ile ya zamani aje tu asaini."

"Si mimi hapa?"

Akatazama kwenye skrini, kisha akatazama akaunti aliyonifungulia yeye mwenyewe dakika chache zilizopita. "Wewe kwetu ni Selemani."

Mambo yako hapo mpaka ninapoandika. Akaunti ya Selemani ina ile amana ya kufungulia. Akaunti ya Suleiman ina pesa. Kiapo cha pili kimeshachapwa, safari hii nilisimama nyuma ya kiti cha binti wa wakili nikimtajia herufi mojamoja, na makao makuu wanakifanyia kazi. Mwisho wa mwezi simu inalia mara mbili mfululizo. Ni makato ya uendeshaji, ya Selemani na ya Suleiman, yote yanaletwa kwenye namba hiyohiyo moja, yote yanaanza na "Ndugu mteja".