Nukta za kukisia

Ukishuka Same mjini na hela ya tangawizi ya Mamba Myamba, utauziwa runinga ya inchi 55 kwa maneno matamu: "Hii ni HD, mzee, utahesabu hadi jasho la golikipa." Sawa. Lakini picha ya chaneli ya kawaida, isiyo ya HD, haizidi nukta 720 kwa 576. Kioo chako kinataka 1920 kwa 1080. Piga hesabu: katika kila nukta tano, moja imetoka angani, nne king'amuzi kimezikisia kwa kuchungulia za jirani. Kama mjumbe aliyesikia neno moja wilayani akarudi kijijini na matano. Jezi ni namba 6 au 8? Hata king'amuzi hakijui. Ukiivuta picha kwa upana ijaze kioo, mtangazaji naye ananenepa. Fundi wa dishi muache, kosa si lake. Muulize muuzaji, kabla hujalipa: chaneli zipi hasa zinarushwa kwa HD?