Pongezi kwa Kaunti Isiyobagua Mapafu

Kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi

KUH: SHUKRANI KWA HUDUMA YA MOSHI

Waheshimiwa,

Wakazi wa Dandora, Korogocho na Baba Dogo wanatoa shukrani. Maji ya mfereji huwafikia kwa mgao, lakini moshi wa jaa la Dandora haukosi. Hauna mita wala bili, na haumuulizi mtu kitambulisho.

Jaa lenyewe lilianza miaka ya 1970 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Malori hayakuacha kuingia. Kumbe kujaa nako ni jambo la kujadiliana. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaagiza lihamishwe ndani ya miezi 6. Pengine kwenu City Hall miezi huwa mirefu.

Ufanisi mkubwa, hata hivyo, umo kwenye vitu vidogo. Kijana anawasha rundo la nyaya kuukuu ili plastiki iungue, abaki na shaba ya kuuza kwa kilo. Moshi mweusi kila mtu anauona. Kazi yenyewe inafanywa na chembe zisizoonekana, za mikroni 2.5 kushuka chini: takriban 30 zikipangwa ndipo zinafikia unene wa unywele. Pua haizizuii, kikohozi hakizitoi. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mapafu, na nyingine zinapenya hadi damuni. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu hapo Gigiri, lilitangaza matokeo ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni, mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi. Hakika watoto hao walipata madini kabla ya kupata maktaba.

Asiyefikiwa na hewa, anafikiwa na maji. Mto Nairobi unapita ubavuni mwa jaa, unabeba majivu na plastiki iliyosagika, unaingia Athi, mbele unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga mzigo baharini kaskazini ya Malindi. Msimu wa mvua bahari pale hugeuka kahawia. Haki isemwe: tope jingi ni udongo wa mashamba uliomomonyoka, kaunti isijitwalie sifa zote. Ila matumbawe yakishafunikwa hayaulizi tope limetoka wapi.

Ombi ni moja. Kikao kijacho cha bajeti ya taka kifanyike jaani, saa nyaya zinapowashwa. Wakazi wataandaa chai. Maji yatachotwa mtoni.