Yah: Maombi ya Kuwa Mwenyeji wa Mkutano wa Tabianchi Wakati Ufukwe Ungalipo

Kwa Sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi,
Bonn, Ujerumani.

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimefuatilia mikutano yenu nikaona mna jicho la ufukwe: Bali 2007, Cancún 2010, Sharm el-Sheikh 2022. Siwalaumu, anayeshinda ofisini kando ya mto Rhine lazima aitamani bahari. Cancún mlifika kwa wakati mzuri. Kimbunga Wilma cha 2005 kilikuwa kimesomba mchanga, Wamexico wakaufyonza baharini wakaurudisha, ukaondoka tena, wakaurudisha tena.

Sasa naiombea zamu pwani ya mashariki ya Unguja, na iwe mapema, maana bidhaa yenyewe inapungua. Maji ya bamvua yanakula mchanga, mwenye hoteli anajenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta halirudi mikono mitupu, linageukia kwa jirani. Jirani naye, akiwa na fedha, anajenga wake. Mwisho wa safu hiyo ya kuta ndipo wanakijiji wanapoegesha ngalawa.

Wajumbe wataonyeshwa matumbawe, ila wasidai rangi; joto la bahari la 1998 liliyapausha na kuua mengi katika Bahari ya Hindi. Kisha watawatembelea kina mama wanaolima mwani. Ile aina ya bei nzuri haistahimili maji ya moto, hivyo wanashauriwa kuipanda kwenye kina kirefu. Wengi wao hawajui kuogelea, lakini semina zipo.

Kuhusu moshi wa ndege zenu, msione haya. Wageni wetu karibu wote huja kwa ndege. Wasipokuja, papasi wetu anayewaongoza watalii analala njaa. Wakija, bahari inazidi kupata moto. Fumbo hilo tumeshindwa kulifumbua, pengine nyie mna kamati.

Ukumbi usiwatie shaka. Mawaziri wa Maldives mwaka 2009 ilibidi wavae mitungi ya hewa ili wakutane chini ya maji. Nyie jadilianeni kwa mwendo wenu wa kawaida tu, maji yatawafuata mezani.

Na ule mfuko wa hasara na uharibifu mlioukubali Sharm el-Sheikh, mje nao mkononi. Mwenye hoteli ana bima na pwani nyingine ya kuhamia. Mama wa mwani ana kamba na vigingi.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa pwani

Kiambatanisho: ramani ya ufukwe. Tafadhali ipimeni upya mkifika.